Mgongo umevunjika: vyuma au mkanda?

Ndugu yenu kadondoka mnazini au bodaboda imemrusha, eksirei inaonyesha pingili imevunjika, na familia tayari imegawanyika, mjomba anasema akipasuliwa kuwekewa vyuma vya kushikilia pingili atapooza, shangazi anataka apasuliwe leo leo. Tulieni kwanza. Ukali wa maumivu siyo unaoamua hapa, mambo makubwa ya kumuuliza daktari ni mawili: mishipa ya fahamu imeguswa? na mgongo bado imara au unacheza?

La kwanza hata nyie mnaweza kuliona. Anachezesha vidole vya miguu? Mkojo unatoka? Akisema ana ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo umegoma, au miguu inazidi kulegea, hiyo ni dharura jamani, msisubiri kikao cha ukoo, mishipa ikibanwa hivyo mara nyingi inatakiwa oparesheni mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Na akigeuzwa ageuzwe na watu watatu wanne, kichwa, mabega na nyonga vyote kwa pamoja, asipindwe.

La pili linataka CT scan (picha ya kina ya mifupa), na MRI (picha ya sehemu laini) kuangalia kano za nyuma, zile nyuzi ngumu zinazofunga pingili pamoja. Pingili iliyobonyea mbele tu, kano nzima, miguu inafanya kazi, nyingi zinapona kwa dawa za maumivu, mkanda mgumu wiki 8 hadi 12 hivi na kuanza kutembea mapema, hata zilizopasuka vipande nyingi zinapona bila kisu mradi mishipa na kano ziko salama. Kano zikikatika au pingili ikihama, mkanda hautoshi, ni vyuma. Kwa mgongo wa kifuani na kiunoni kuna alama za kupima ukali wa jeraha zinaitwa TLICS: 3 kushuka ni bila oparesheni, 5 kupanda ni oparesheni, 4 ni ya kujadiliana. Ulizeni mgonjwa wenu ana ngapi, mna haki hiyo.

Mkiambiwa vyuma, ulizeni vinalenga nini, maana aliyepooza kabisa anaweza kuwekewa ili aweze kukaa na kuuguzwa vizuri tu, siyo ahadi ya kutembea, na hili lisemwe kabla hamjauza shamba.

Bibi aliyevunjika kwa kuinua ndoo tu apimwe pia udhaifu wa mifupa, TB ya mgongo na kansa.

Mkichagua mkanda, apigwe eksirei nyingine akiwa amesimama nao, na mrudi kliniki hata kama maumivu yamepungua, pingili ikizidi kuinama mjadala wa vyuma unafunguliwa upya.