Kung'arisha kingo za kaunta ya graniti: kazi iko kwenye namba za mwanzo

Vijana ninaowafundisha huuliza kwanza habari za pedi namba 3000. Namba ya pedi huonyesha ukubwa wa punje zake: namba ndogo hukwaruza sana, kubwa ni laini. Mimi huwarudisha kwenye namba 50, kwa sababu ukingo unaokataa kung'aa mara nyingi uliharibikia huko.

Andaa mashine ya kung'arishia ya maji yenye spidi ya kurekebisha. Grinda ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Hiyo itachoma pedi na jiwe. Pedi za almasi ziwe seti kamili: 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000, na ile ya kumalizia. Soma kikomo cha spidi mgongoni mwa pedi. Mimi huanza karibu na mizunguko 2,000, kisha nashuka kadiri namba inavyopanda.

Maji na umeme vinakutana mkononi mwako, kwa hiyo chomeka mashine kwenye soketi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Vaa buti za mpira, miwani na barakoa yenye chujio. Usisugue graniti kavu hata kidogo. Vumbi lake lina silika, na silika ikituama mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Maji yanayotiririka ndiyo yanayolilaza vumbi hilo. Na tope lililobaki sakafuni lioshe kabla halijakauka, maana likikauka linarudi kuwa vumbi.

Hatua ya 1: Nyoosha. Kwa namba 50 ondoa alama zote za msumeno. Laza pedi bapa ukingoni, upeleke mashine kushoto na kulia kwa mwendo mmoja. Ukituama mahali pamoja unachimba bonde, na bonde hilo utaliona kaunta ikishapigwa na mwanga wa dirisha. Weka rula ya chuma ukingoni. Mwanga ukipenya chini yake, endelea. Hapa pia ndipo pa kuua ncha kali za juu na chini, milimita 2 hivi kwa pembe ya digrii 45. Ncha ikiachwa kali, hupasuka vipande siku sufuria inapoigonga.

Hatua ya 2: Ziba vishimo. Graniti ni mchanganyiko. Kwatsi, madini magumu ndani yake, hufikia 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ilhali ulanga, madini laini yenye matabaka, hauzidi 3, kwa hiyo ulanga hung'oka na kuacha matundu. Kausha jiwe, jaza gundi ya epoksi yenye rangi inayolingana, iache igande kabisa, kisha rudia namba 50 kwa wepesi.

Hatua ya 3: Panda namba. Chora mistari ya penseli ya nta kukatiza ukingo, kila sentimita 5. Weka namba 100, sugua mpaka mistari yote ifutike. Suuza jiwe, pedi na mikono, kwani punje moja ya namba 50 iliyobaki itakukwaruza tena. Sasa kausha kwa kitambaa, uinamie na tochi ukimulika kwa ubavu. Usikague jiwe likiwa limelowa: maji hujaza mikwaruzo na kila kitu huonekana kinang'aa. Ukiona mstari mrefu mweupe kati ya mikwaruzo midogo inayofanana, huo ni wa namba iliyopita. Hautaondoka kwenye 400. Rudi nyuma sasa hivi.

Fanya hivyo hivyo 200 na 400, pamoja na ile pembe ndogo. Kuruka namba ni kujidanganya: mkwaruzo wa 100 hujificha, halafu hujitokeza kwenye 800 ukiwa umeshachoka.

Kuanzia 800 kazi inakuwa nyepesi. Punguza mkandamizo, uzito wa mashine unatosha, lakini maji usiyapunguze mno. Pedi ikipata moto, resini yake, yaani gundi inayoshika punje za almasi, huyeyuka na kupaka jiwe madoa. Kwenye 1500 utaanza kuona sura ya taa ukingoni. Kwenye 3000 kingo za taa hiyo ziwe kali, zisiwe na ukungu.

Hatua ya 4: Malizia. Pedi nyeusi ya kumalizia ni ya mawe meusi, nyeupe ni ya mawe ya rangi hafifu. Linganisha ukingo na uso wa juu wa kaunta, vyote vikiwa vikavu. Acha jiwe likauke hadi kesho yake, ndipo upake dawa ya kuzuia madoa, na upande wa chini wa ukingo usiusahau, maana maji ya sinki hupandia huko.