Namna ya Kushughulikia Vifaranga wa Samaki Waliodumaa

Katika uzao mmoja wa samaki wanaofugwa nyumbani, si ajabu kuona, wiki tatu au nne baada ya mayai kuanguliwa, kwamba baadhi ya vifaranga wamewazidi mara mbili kwa urefu wenzao waliotoka siku ile ile. Mfugaji mgeni hudhani kwamba wale wadogo walizaliwa dhaifu. Mara nyingi sivyo: kifaranga aliyetangulia kidogo tu huweza kumeza chakula kikubwa zaidi, humfukuza mwenzake, na pengo hilo hupanuka kila mlo, hata ikafika siku mkubwa akammeza mdogo. Kwa hiyo, kabla ya kumhukumu mdogo, mtenge kwanza na wanaomnyima chakula. (Hakikisha pia kwamba udogo wenyewe si wa jinsia, kwa mfano dume la guppy, aina ya samaki mdogo wa mapambo, hubaki dogo kuliko jike maisha yake yote.)

Wengi huwahamisha wadogo. Mimi huona ni heri kuwahamisha wakubwa, kwa kuwa wao ndio wenye nguvu za kustahimili usumbufu, huku wadogo wakibaki katika maji waliyoyazoea. Wachote kwa kikombe badala ya wavu, uwaweke katika tangi la pili, ndani ya maji yaliyotoka tangi lile la kwanza na yenye joto lile lile. Kichujio cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa kinafaa matangi yote mawili, kwa sababu hakiwavuti vifaranga ndani.

Kazi kubwa ni ulishaji. Tumbo la kifaranga ni dogo, hivyo mpe chakula kidogo mara nne au tano kwa siku, kisichozidi upana wa kinywa chake. Atemia (wanyama wadogo sana wa maji ya chumvi, jamii ya kamba) walioanguliwa punde hufaa sana, ila walishwe mapema, kwani kadiri saa zinavyopita hutumia kiini walichotoka nacho na lishe yao hupungua. Mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo yenyewe hudumaza. Yanyonye kwa mpira mwembamba kila siku, na ubadilishe robo ya maji kila siku au kila baada ya siku moja.

Endelea hivyo kwa muda wa wiki nne. Wengi watanenepa na kukua, ingawa huenda wasiwafikie wenzao. Hao wafugwe tu kwa kupendezesha tangi, wasizalishwe, kwa kuwa huwezi kujua kama udogo wao ulitokana na njaa au na urithi. Mwenye uti wa mgongo uliopinda, au anayejiburuta chini kwa sababu kibofu chake cha hewa hakikujaa, hatapona kwa kulishwa. Anayekula vizuri lakini akazidi kukonda huenda ana minyoo au maradhi mengine, hivyo atengwe peke yake.

Asiyeweza kuogelea wala kula ni heri asiachwe ateseke. Tikisa mafuta ya karafuu na maji ya uvuguvugu katika chupa hadi yawe meupe kama maziwa, uyamimine kidogo kidogo katika chombo alimo. Akishalala ubavu bila kuitikia mguso, ongeza kiasi kikubwa, na umwache humo nusu saa baada ya mashavu yake kukoma kupiga. Aliye hai asitupwe chooni, wala asiachiwe mtoni au ziwani, kwani samaki wa tangi huweza kupeleka magonjwa huko, na aina nyingine huzaana na kuenea pasipo kwao.