Land Cruiser 80 linaloyumba barabarani: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Usianze na shokapu ya usukani. Hiyo huficha ugonjwa tu. Pima upepo wa tairi, kisha gari likiwa chini, handibreki juu, vigingi kwenye magurudumu na injini ikiwaka, mwenzako atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Wewe shika kila ncha ya tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele) usikie mchezo. Tazama sana bushi za fimbo ya panhadi (inayozuia ekseli isihame kando), maana mafundi wengi huziruka: ekseli ikihama kando kabla tairi halijageuka, zimekwisha.

Zima injini, inua upande mmoja wa mbele, weka stendi chini ya ekseli. Sukuma na vuta tairi juu na chini. Likicheza, breki ikanyagwe: mchezo ukipotea ni beringi za habu, ukibaki ni za kingipini (mhimili ambao gurudumu hugeukia kushoto na kulia).

Skrubu ya kupunguza mchezo kwenye steringi boksi iguswe mwisho. Ukiikaza mno, usukani haurudi katikati wenyewe na gari huyumba zaidi.

Viungo vyote vizima? Kama gari limeinuliwa kwa springi ndefu, kasta (mwinamo wa kingipini kuelekea nyuma, unaosaidia gari kwenda wima) imepungua. Funga bushi za kurekebisha kasta.