Antena na kebo za gari kwa setilaiti za ridhaa: tengeneza masikio kwanza

Mwongozo huu ni wa mwenye leseni ya redio ya ridhaa, iwe ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) au ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, anayetaka kupiga gumzo kupitia setilaiti za FM akiwa safarini. Utamu wa gari ni gridi, yaani miraba ya ramani ya dunia yenye namba zake: ukitoka Dar es Salaam hadi Dodoma unapita KI93, KI83 (hapo ndipo Morogoro ilipo) na KI73, na wanaokusanya gridi watakugombania. Redio yoyote ya gari yenye VHF (masafa ya 145 MHz hivi) na UHF (435 MHz hivi) inatosha kuanzia. Kinachowaangusha wengi ni kilicho nyuma ya redio: kebo na antena.

Hatua ya 1: Jua nani ana sauti ndogo

Chukua mfano wa SO-50, setilaiti ya FM iliyorushwa mwaka 2002. Unaiita kwa 145.850 MHz, nayo inakurudishia kwa 436.795 MHz. Wewe una wati 25 au 50. Yenyewe inarusha robo wati tu, ikiwa kilomita 600 hivi inapopita utosini, na zaidi ya 2,500 inapochomoza upeoni. Kwa hiyo hela yako ielekee kwenye kusikia UHF. Kuongeza wati bila kuongeza masikio ni kuwaingilia wenzako katikati ya mazungumzo bila hata kujua kwamba wapo.

Hatua ya 2: Chagua fimbo fupi

Muuzaji atakusifia antena ya fimbo ya mita moja na nusu yenye desibeli nyingi (kipimo cha nguvu inayoongezeka au kupotea). Kwa kuongea na ripita (kituo kinachorudia sauti yako) iliyoko mlimani, sawa. Lakini desibeli hizo zimepatikana kwa kubana mawimbi yaelekee upeoni, na setilaiti ikifika nyuzi 40 juu ya upeo inakuwa imeshapita juu ya mawimbi hayo.

Nunua, au tengeneza, fimbo ya robo-wimbi ya VHF. Urefu wake kwa sentimita ni 7125 ugawanye kwa MHz, yaani kama 49 kwa 145.85. Sasa angalia hesabu hii: 145 mara 3 ni 435. Fimbo hiyohiyo kwenye UHF inakuwa robo tatu ya wimbi, na sehemu kubwa ya nguvu yake inaelekea juu, kule setilaiti inakopita. Utosini kabisa ina upofu, ila hapo setilaiti iko karibu na haikai sana. Kata ukianzia 51, kisha punguza milimita chache chache huku ukipima.

Ukiwa umeegesha, yagi ya mkononi (antena ya kuelekeza, yenye vijiti kadhaa) inaishinda fimbo yoyote ya gari, maana unaifuata setilaiti na kuzungusha kiganja sauti inapofifia. Iweke kwenye buti.

Hatua ya 3: Weka katikati ya paa

Robo-wimbi inahitaji bati chini yake, nusu mita au zaidi kila upande. Ukiiweka pembeni ya buti itasikia vizuri upande mmoja tu wa anga. Futa vumbi kabla ya kubandika sumaku, la sivyo rangi ya gari itakwaruzika. Keria ya chuma ikikaribiana na fimbo inaharibu mambo. Ivue au sogea mbali nayo.

Hatua ya 4: Kebo

Hapa usifanye haraka. Besi nyingi za sumaku huja na mita 4 au 5 za kebo nyembamba. Kwenye 435 MHz, mita 5 za kebo nyembamba aina ya RG-174 hula desibeli 3 hivi: nusu ya robo wati ile, iliyosafiri maelfu ya kilomita, inaishia kwenye plastiki ndani ya gari lako. RG-58 ya urefu huohuo hula karibu 2. LMR-240 hula chini kidogo ya 1, na unene wake wa milimita 6 bado unapita kwenye raba ya mlango. LMR-400 na RG-213 ni bora zaidi kwa upotevu, lakini milimita 10 ni za nyumbani; mlangoni zitabanwa hadi zipondeke.

Ukikosa LMR-240, RG-58 halisi iliyokatwa mita 3 inafaa. Usiache ziada ukaiviringisha chini ya kiti. Dukani omba uone ncha: chuna ganda sentimita mbili. Wavu wa waya ulio chini ya ganda ukiwa umefumwa kwa kubanana, sawa. Ukiona plastiki nyeupe inachungulia kila mahali, rudisha. Gusisha sumaku kwenye waya wa katikati. Ikishika, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Mafundi madishi watakupa RG-6 ya TV kwa bei poa. Haipotezi sana, ila ni omu 75 badala ya 50 za redio yako, na wavu wake wa alumini haushiki risasi ya kulehemu. Iwe ya kusikilizia tu.

Hatua ya 5: Konekta

Chache iwezekanavyo. Adapta tatu zilizopandana nyuma ya redio hulegea kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. BNC au N kwa UHF, PL-259 inavumilika.

Hatua ya 6: Pima, lakini usidanganyike na SWR

SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kwenye redio) chini ya 1.5 inapendeza, ila kebo mbovu nayo hutoa SWR nzuri, kwa sababu inameza mawimbi yanayorudi kabla mita haijayaona. Pima nguvu: weka mita ya wati na mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena) mwishoni mwa kebo, rusha wati 10 za UHF, soma kinachofika. Wati 8 ni njema. Zikifika 5, badilisha kebo.

Hatua ya 7: Sikiliza mpito mzima kabla ya kuita

Doppla (masafa kubadilika kwa sababu setilaiti inakimbia) husogeza UHF karibu kHz 10 juu na chini, hivyo hifadhi 436.805, 436.800, 436.795, 436.790 na 436.785, ukianza na ya juu. Fungua skwelchi (kinachonyamazisha redio isipopata mawimbi yenye nguvu) kabisa. Kama ni zamu yako kurusha, simama kando ya barabara au mpe abiria maiki, weka toni ya 67.0 Hz (mlio mdogo unaoambatana na sauti yako ili setilaiti ikupokee), taja alama yako ya wito na gridi, kisha nyamaza usikilize. Kama setilaiti imelala, toni ya 74.4 Hz huiamsha kwa dakika 10.