Redio ya safari: ishike kwanza, utaisikiliza baadaye

Mtu akija kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanga, Kigoma, akaniuliza anunue redio gani ya masafa mafupi ya kusafiri nayo, namwambia asiiwashe kwanza. Dukani karibu redio zote zinalia vizuri. Kinachoamua kama itafika Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na kurudi ni vile vitu vinavyoletwa kwangu vikiwa vimekufa: antena, nyumba ya betri, tundu la chaji na kitufe cha sauti.

Anza na antena. Ivute yote, kisha shika shina lake pale linapoingia kwenye boksi ulitikise taratibu. Likicheza, ujue limeshikiliwa na skrubu moja kwenye plastiki nyembamba, na siku gunia litakapoiangukia plastiki hiyo itapasuka. Chagua inayozunguka pande zote bila kulegea. Kuifunga nako kuna utaratibu: ishushe kipande kimoja kimoja ukianzia cha chini. Usiibonyeze kwenye ncha, maana ncha ndiyo nyembamba na ikishapinda haitengemai.

Kwenye betri, usiulize tu inakaa na moto kwa muda gani. Uliza ikifa utaipata wapi nyingine. Redio inayotumia AA, zile za rimoti, utaitafutia betri kwenye kibanda chochote cha mwaloni. Ninazipenda pia zinazotumia BL-5C, betri ya simu za Nokia za vitufe. Tecsun PL-330 ni mojawapo, na inachajiwa kwa waya wa simu. Ukinunua BL-5C ya akiba, ilaze mezani uizungushe kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba, mrudishie mwenye duka. Redio ambayo betri yake haitoki mpaka ufungue boksi zima kwa bisibisi simpi msafiri ushauri wa kuinunua, hata iwe na sauti tamu kiasi gani. Na AA usiziache ndani safari ikiisha. Zikivuja zinakula zile springi, na hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kuliko zote.

Tundu la chaji lipime kwa kuchomeka waya na kuusogeza kidogo juu na chini. Taa ikipepesa, iache. Kitufe cha sauti kizungushe polepole. Kikikwaruza redio ikiwa mpya, vumbi na unyevu wa ziwani vitakimaliza mapema.

Sasa iwashe. Usidanganywe na maandishi ya SW1 hadi SW7 kwenye boksi (SW ni masafa mafupi). Angalia inaanzia wapi na inaishia wapi. Mimi nataka isiyokatika katikati, kuanzia angalau kilohezi 5,900 hadi 18,000. Usiku utakuwa chini, kwenye kilohezi ndogo, yaani mikanda ya mita 49, 41 na 31. Mchana utapanda kwenye kilohezi kubwa, mikanda ya mita 25, 19 na 16. Kwa safari nunua ya namba, siyo ya sindano. Vituo vingi vya kimataifa hubadilisha masafa Machi na Oktoba, na ukiwa na namba unaibonyeza tu na kusubiri. Redio ya ZBC ya Zanzibar utaitafuta hivyo, imetumia kilohezi 11735 kwa miaka mingi. Kama ni ya sindano, tafuta kituo chenye nguvu kisha shuka kilohezi 910. Ukikikuta tena huko, redio haichuji vizuri, na vituo vitapandana.

Hakikisha ina kufuli ya vitufe. Bila hiyo itajiwasha yenyewe ndani ya begi, na ukifika betri imekwisha.

Wavuvi wa dagaa huniletea redio nzima wakidhani imeharibika, kumbe kinachounguruma ni taa za LED na kidhibiti cha sola mle mtumbwini. Zima taa kidogo usikilize. Kelele ikikata, redio haina kosa. Kaa nayo mbali na betri ya sola. Ukiwa nchi kavu, funga waya wenye ganda wa mita tano hadi nane kwenye antena na kuutupia juu ya mti. Utashangaa. Ngurumo zikianza, uondoe mara moja. Kwenye kabini ya lori isogeze dirishani, kwa sababu bati huzuia mawimbi.

Usiamini neno la muuzaji kwamba haiingii maji. Tia redio kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ikitumbukia, toa betri hapo hapo, usijaribu kuiwasha, uianike kivulini ikiwa wazi. Kama ni maji ya bahari, isuuze kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi isibaki kwenye saketi.

Za mitumba kutoka Japani zitazame FM kabla ya kulipa: nyingi zinaishia 90, kama redio za magari yao, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Na iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, tafuta swichi au mpangilio wa kuhamisha hatua za mawimbi ya kati kutoka kilohezi 10 kwenda 9, ndizo zinazotumika Afrika.