SOMO: Mafunzo kazini ambayo wafanyakazi hawayakimbii (hatua kwa hatua, pamoja na maswali yenu)

Kamwene wanachama. Somo hili ni kwa wenye vituo vya kufungashia parachichi, mashine za mbao, hoteli na gereji, kuanzia Iringa mpaka Tukuyu. Msimamo wangu nautanguliza: mfanyakazi akishaona mafunzo hayabadilishi chochote kwenye kazi yake, mfuko wake au sauti yake mbele ya bosi, atakuja kwa ajili ya posho na soda. Hana kosa.

Hatua ya 1: Anza na kinachoharibika

Mada iache kwanza. Chukua daftari, simama kazi inapofanyika asubuhi nzima, andika kinachotupwa, kinachorudiwa na kinachosubiriwa. Hotelini Mbeya inaweza kuwa mgeni anayesubiri risiti alfajiri huku basi lake linapiga honi. Kisha waulize wahusika mambo mawili: wapi unapoteza muda, na ungependa kujua nini ukiwa hapa? Swali la pili wengi wanaliruka. Dada anayechambua matunda anaweza kukujibu kwamba anataka kujua kujaza fomu za mzigo unaosafirishwa. Basi huyo tayari ana hamu, mwandike jina.

Hatua ya 2: Mwalimu mtafute ndani kwanza

Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikodi ukumbi, ikaleta mkufunzi kutoka Dar, siku mbili za projekta kuhusu "ubora". Picha zilipendeza. Wiki iliyofuata matunda yalikuja yamechubuka vilevile, na mama mmoja aliyekuwa anajua kuvuna kuliko sisi wote hakuwa hata kwenye orodha ya walioalikwa, kwa sababu ni kibarua.

Mtu wa nje mlete kwa kitu ambacho hakuna anayekijua kwenu: umeme wa mashine mpya, huduma ya kwanza, programu ya mahesabu.

Hatua ya 3: Vunja kazi vipande

Hapa ndipo penye kazi, tukae kidogo.

Mwaka 1940 Marekani ilianzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya viwanda. Viwanda vyao vya vita vilikuwa vinapokea watu wengi wasiojua kazi, na mafundi waliokuwepo hawakujua kufundisha. Dawa yao ilikuwa karatasi yenye safu mbili: hatua ya kazi na jambo la kuzingatia. Safu ya tatu, ya sababu, iliongezwa baadaye. Baada ya vita njia hiyo ilifika Japani na viwanda kama vya Toyota vikaishika. Nimeiandika kwa safu zote tatu kwa mvunaji wa parachichi aina ya Hass:

Hatua: kata tunda kwa mkasi. Zingatia: acha kikonyo kifupi, usivute kwa mkono. Sababu: kikonyo kikinyofoka kinaacha kidonda, uozo unapitia hapo, na utauona tunda likiwa limeshavuka bahari.

Hatua: weka kwenye kreti. Zingatia: weka, usidondoshe, na usipitishe ukingo wa kreti. Sababu: kreti zikipangwa, ya juu inakandamiza matunda ya chini. Mchubuko hauonekani leo, unatokea tunda likiiva.

Hatua: peleka kivulini. Zingatia: usisubiri kreti zijae zote. Sababu: jua linaendelea kulipasha tunda baada ya kukatwa, na tunda la moto linawahi kuiva.

Safu ya sababu ndiyo inayofuta kauli ya "bosi kasema". Mvunaji anayejua kwa nini kikonyo kinaachwa ataanza kumrekebisha mwenzake bila wewe kuwepo.

Kufundisha kwenyewe kuna hatua nne. Mtulize mtu na umuulize anachokijua tayari. Mwonyeshe kazi polepole ukitaja jambo la kuzingatia na sababu. Mpe aifanye yeye, huku akikueleza anachofanya na kwa nini. Halafu mwache, umwambie amuulize nani akikwama, upite kumwangalia mara nyingi mwanzoni na mara chache baadaye. Watu wengi huishia hatua ya pili, wanauliza "mmeelewa?", wanaitikiwa "ndiyoo", wanaondoka. Wale wa Training Within Industry walikuwa na msemo kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, mwalimu hajafundisha.

Na lugha: vijijini Njombe, mama wa miaka sitini mfundishe kwa Kibena. Hakuna sheria inayosema parachichi lazima livunwe kwa Kiswahili sanifu.

Hatua ya 4: Tenga muda ndani ya saa za kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mafunzo uliyoyafanya ya lazima ni kazi. Ukimbakiza mtu jioni mlipe, au uyahamishie asubuhi.

Dakika ishirini mara mbili kwa wiki zinafaa kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha matokeo: tunachojifunza kinapotea haraka sana mwanzoni, na kukirudia kwa vipindi ndiko kunakokibakiza.

Hatua ya 5: Mtu asichekwe akiuliza

Mwaka 1990 William Kahn, mtafiti wa Marekani, alitaka kujua kwa nini mtu yuleyule siku moja anajitoa kwa moyo wote kazini na siku nyingine anafanya ilimradi. Alikuta mambo matatu: kazi iwe na maana kwake, ajisikie salama kujionyesha alivyo, na awe na nguvu zilizobaki. La pili ndilo tunalolivunja kila siku. Msimamizi akisema mbele za watu "hata hili hujui?", mafunzo yako yameishia hapo.

Hatua ya 6: Kitu kibadilike

Aliyejua kazi mpya apewe kazi hiyo, hata kwa siku moja kwa wiki. Mwenye ujuzi wa mtaani asiye na cheti mpeleke VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi: anapimwa kwa anachokifanya, anazibiwa pengo, anapewa cheti. Nimeona fundi wa gereji akikibandika chake ukutani sebuleni.

Kupima ni rahisi. Rudia lile daftari la hatua ya kwanza, hesabu kilichokuwa kinatupwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Mafinga: Asante kwa somo, mwalimu. Nina dingdong mbili za kupasulia mbao. Mzee anayenoa misumeno anafunga mlango akinoa, hataki vijana waone. Nifanyeje?*

Shikamoo yake kwanza umpe, maana ana hoja. Anajua siku vijana wakijua kunoa, wewe utapata mtu wa bei ndogo. Mwondolee hofu hiyo kwa maandishi: mpe cheo cha fundi mkuu, posho kwa kila kijana atakayeweza kunoa peke yake, na ahadi kwamba mshahara wake hautashuka. Mwache achague kijana mwenyewe. Akikataa hata hapo, muulize kama kuna deni la zamani kati yenu. Mara nyingi lipo.

*Mwanachama, Mbeya mjini: Nikimfundisha, hoteli ya jirani inamchukua. Nimsainishe mkataba wa kutoondoka?*

Kwa kozi ya gharama kubwa uliyomlipia nje, mnaweza kuandikiana muda wa kubaki. Mpitishie afisa kazi kabla ya kusaini. Kwa mafunzo ya hapohapo kazini usijisumbue. Waulize waliokwisha kuondoka kilichowaondoa. Ninavyosikia mimi, ni mshahara unaochelewa na zamu zinazobadilishwa usiku kwa simu.

*Mwanachama, Iringa: Tunalipa ile tozo ya SDL kila mwezi. Si ndiyo hela ya mafunzo yetu?*

Ni tozo ya kuendeleza ujuzi nchini, inalipwa TRA na mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka 4% hadi 3.5% ya malipo ya wafanyakazi; kiwango cha sasa waulize TRA. Haina akaunti yenye jina lako. Lakini fungu lake linaiendesha VETA, kwa hiyo nenda chuo chao hapo Iringa na orodha ya mnachokihitaji, uliza kozi fupi za kiwandani.

*Mwanachama, Tukuyu: Wachumaji wangu wa chai ni wa msimu. Inafaa kuwafundisha?*

Inafaa, jambo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza majani mawili na chipukizi, na kwa nini jani lililokomaa linashusha daraja. Waonyeshe kiwandani chai yao inavyopangwa, hata kwa nusu saa. Orodha ya walioshika vizuri ihifadhi, hao ndio wa kwanza kupigiwa simu msimu ujao, na waambie mapema kwamba mtawapigia.