Kufanya kazi ya filamu, tivi na thieta ukiwa Nakuru ama Kisumu: anza na penseli

Vijana wengi wananiuliza wanunue kamera gani. Mimi huwaambia kamera ingoje kwanza, tafuteni kikundi cha setbuku, yaani kinachoigiza vitabu vya fasihi vya mtihani, kinachozunguka mashuleni. Kwa kikundi cha watu kumi utaigiza asubuhi, mchana upakie propu (vifaa vya jukwaani) kwa matatu, jioni upige pasi kostyumu za kesho, na ndani ya wiki moja mmepita Njoro, Molo na Nakuru mjini. Ukisimama mbele ya wanafunzi mia nane kwa holi haina maiki ndo utajua sauti inatoka wapi.

Lakini usikae sana ukifanya kila kitu. Chagua kazi moja ya nyuma ya pazia uijue kabisa, juu hiyo moja ndo itakubeba thieta, filamu na tivi. Yangu ilikuwa kushika kitabu, yaani stejimeneja, yule anayeambia taa, sauti na waigizaji wakati wao umefika, na ntawaonyesha vile inafanywa kwa sababu hakuna mtu alinifunza polepole.

Chukua kauntabuku kubwa, bandika skripti ukurasa wa kulia, wa kushoto uache wazi. Kila mahali taa inabadilika, sauti inaingia ama mtu anatokea, piga mstari mpaka kushoto uandike namba: TAA 7, Mama anapofunga mlango. Mistari mitatu ama minne kabla ya hapo andika TAA 7 TAYARI, ndo mtu wa taa aweke mkono mahali pake. Andika na penseli, si biro, dairekta atabadilisha hiyo kitu mara tano kabla ya shoo. Siku moja tulikuwa shule fulani upande wa Vihiga, mvua ikashika mabati hadi hakuna mtu anasikia mwingine, stima nayo ikaenda. Nilifungua kitabu nikaona bado mistari miwili tufike mwisho wa onyesho la tatu, nikawaonyesha waigizaji kwa mkono wamalize hapo watoke, tukangoja mvua ipungue, tukaanza la nne na mwanga wa dirisha kama kwamba ilipangwa hivyo.

Sasa hicho kitabu ukikipeleka kwa filamu kinaitwa kontinyuiti. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi, unaweza piga mwisho Jumatatu na mwanzo Alhamisi, kwa hivyo kuna mtu lazima aandike kikombe kilikuwa mkono gani, chai ilikuwa imebaki kiasi gani, shati ilikuwa imefungwa vifungo vingapi, na apige picha na simu kabla watu hawajasonga. Kwa tivi unaongeza stopuwochi, maana kipindi cha nusu saa si dakika 30 kamili, matangazo yanakula zake, na prodyusa atataka kujua leo mmepiga dakika ngapi za kutumika. Kazi ni ile ile, nyumba ndo tofauti.

Ukishafika kwa kamera, kuna vitu vya huku kwetu huwezi pata kwa video za Marekani. Stima yetu ni 50Hz, ya kwao ni 60, kwa hivyo weka kamera fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ndani zinaweza chezacheza kwa picha na ni ngumu kuziosha baadaye. Sauti rekodi 48kHz, na kabla mtoke mahali popote wanyamazishe wote sekunde 30 urekodi ukimya wa hapo, editor atakushukuru. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, saa sita jua liko utosini na macho ya mwigizaji yanakuwa mashimo meusi, piga za nje kabla ya saa nne asubuhi ama baada ya saa kumi. Na kama ni Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria pale Kisumu, maongezi yapige asubuhi, mchana upepo wa ziwa unaingia kwa maiki.

Pesa inafuata kalenda. Januari hadi Aprili ni drama festival za shule, walimu wanatafuta watu wa skripti, koreografia na seti. Setbuku zinafuata. Agosti na Desemba ni harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), na usidharau hizo, huko ndo unajifunza kupiga kitu ambacho hakirudiwi. Kazi za mashirika huja wakati wowote, hao wanataka invoisi na PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), kwa hivyo kuwa nazo mapema. Kama filamu ni ya kuonyeshwa watu ama kuuzwa, leseni ya kupiga inatoka Kenya Film Classification Board, iombeni kabla ya siku ya shuti, si polisi wakishafika.

Niliwahi kufanya siku 11 kwa filamu moja kwa ahadi ya kulipwa ikishauzwa, mpaka leo sijaona kitu, na iliniuma kwa sababu niliwapa moyo wangu wote. Siku hizi naandikiana na mtu hata kama ni kwa WhatsApp, nusu kwa M-Pesa kabla ya siku ya kwanza, ingine kabla sijatoa faili za mwisho. Na faili ziwe kopi mbili mahali tofauti kabla ya kufuta memori kadi.

Kama uko Nakuru, pitia Nakuru Players Theatre siku ya mazoezi badala ya siku ya shoo. Uliza stejimeneja ni nani, msalimie, mwambie uko tayari kumshikia kitabu. Beba penseli mbili na raba ya kufutia.